Vuli Huingiaje Katika Jiji Kubwa? Anza na Kivuli, Majani Yasubiri

Swali: Mtaalamu, pokea salamu zangu. Nilikulia karibu na ikweta na sasa ninaishi katika jiji kubwa la nchi za kaskazini, ghorofa ya saba. Watu husema vuli, yale majira ya majani kupukutika baada ya kiangazi, ikifika utaiona tu. Mimi siioni. Mwaka jana mti ulio mbele ya jengo letu ulikuwa wa kahawia tangu Agosti, nikadhani majira yamegeuka, kumbe joto bado lipo. Mti mwingine wa kwenye kona, chini ya taa ya barabarani, ulibaki na majani mabichi hadi Novemba, na wenzake wamekwisha kuwa fito tupu. Nitazame nini ili nijue vuli inaingia? Na dada yangu aliyehamia nusu ya kusini ya dunia, afuate alama hizo hizo?

Jibu: Ndugu yangu, miti yako miwili imekupotosha, kila mmoja kwa sababu yake, na nitaieleza yote miwili. Lakini kwanza nakuomba jambo moja: majani yaache kwanza. Tazama mwanga.

Jiji huvuruga karibu kila kitu ambacho majira hujitangazia. Saruji na lami hufyonza joto mchana kutwa, kisha huliachia usiku, hivyo usiku wa jiji huwa na joto kuliko wa mashamba yanayolizunguka. Hili linajulikana kwa zaidi ya karne mbili. Luke Howard, yule Mwingereza aliyeyapa mawingu majina yanayotumika hadi leo, alilipima London na kuanza kuchapisha vipimo vyake mwaka 1818. Aliona usiku wa jijini ukizidi wa nje ya jiji kwa karibu nyuzi 2 za Selsiasi. Katika majiji ya leo, usiku usio na upepo wala mawingu, tofauti hiyo huweza kupita nyuzi 5. Jalidi ya kwanza, yaani umande ulioganda kwa baridi, inaweza kuunguza bustani za vijijini na wewe usiione kwa muda mrefu. Maji ya mvua nayo hukimbilia kwenye mitaro badala ya kuzama ardhini, na mizizi iliyobanwa chini ya lami hubaki na kiu hata baada ya manyunyu mazuri. Giza lenyewe halipo, maana taa zinawaka hadi alfajiri.

Jiji haliwezi kuigusa njia ya jua. Ndiyo maana nasema uanzie hapo.

Aliyekulia karibu na ikweta hana mazoea ya kuangalia urefu wa mchana, kwa kuwa kule hautofautiani kwa kiasi cha kutambulika mwaka mzima. Huko uliko, mambo ni mengine kabisa. Jiji lililo kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini hupata mchana wa saa 16 na zaidi mwishoni mwa Juni, na wa saa 8 hivi mwishoni mwa Desemba. Safari kati ya hizo mbili haiendi kwa mwendo mmoja. Mwishoni mwa Juni mchana hupungua kwa sekunde chache tu kwa siku, ndiyo maana hakuna anayejali. Mnamo Septemba kasi hufika kileleni: karibu dakika 4 kila siku, karibu dakika 25 kwa wiki moja. Kwenye latitudo ya nyuzi 40 ni karibu dakika 3 kwa siku. Mtu anayerudi kutoka kazini saa ile ile kila jioni hukuta Jumatatu bado kuna mwanga, na Jumatatu baada ya wiki mbili taa za magari zimewashwa. Watu husema, "Siku zimekwenda wapi?" Zimekwenda Septemba, na kama umeamua kuangalia utaziona zikienda.

Chumba chako mwenyewe ni kipimo kizuri kuliko bustani. Kama una dirisha linalotazama kusini, angalia saa ya jua la utosi pande la mwanga linaloanguka sakafuni. Tuseme ukingo wa juu wa dirisha uko mita 2 kutoka sakafuni. Kwenye latitudo ya nyuzi 50, mwishoni mwa Juni mwanga huingia mita 1 tu, maana jua liko juu sana. Ifikapo tarehe 22 au 23 Septemba, siku ambayo jua huvuka ikweta kuelekea kusini, mwanga huo umeingia karibu mita 2 na nusu. Desemba utafika zaidi ya mita 6, ukutani kabisa kwa vyumba vingi. Weka kipande cha utepe sakafuni mwanzoni mwa Agosti, kingine wiki mbili baadaye, na kuendelea. Hutahitaji mtu akuambie majira yamehama.

Barabarani hesabu ni ile ile, ila kwa kivuli. Jengo la mita 20, yaani ghorofa sita hivi, hutupa kivuli cha mita 10 saa ya jua la utosi mwishoni mwa Juni, na cha karibu mita 24 mwishoni mwa Septemba. Barabara nyingi za kati ya majengo hazina upana huo. Kwa hiyo katika barabara inayotoka mashariki kwenda magharibi, kuna wiki fulani ya Agosti au Septemba ambapo jua la mchana huacha kabisa kugusa lami upande wa pili, kisha hupanda ukutani na kukimbilia madirisha ya juu. Wenye meza za nje za mikahawa huifahamu wiki hiyo bila kusoma kitabu chochote, kwani wateja wote huhamia upande mmoja wa barabara. Kila barabara ina wiki yake, kwa kutegemea upana wake na urefu wa majengo. Nikiulizwa vuli ya jijini inaanza lini, hiyo ndiyo tarehe ninayoiamini mimi: siku ambayo barabara yako inapoteza jua lake la mchana.

Na kwa kuwa uko ghorofa ya saba, una bahati nyingine ikiwa dirisha lako linaona magharibi. Jua halizami mahali pamoja. Juni huzama mbali kaskazini-magharibi, na kufikia Septemba linateremka kuelekea kusini kwa kasi ambayo watu hawaidhanii: katika latitudo za nyuzi 40 hadi 50, kila jioni huzama pembeni mwa lilipozama jana kwa umbali unaolingana na upana wake lenyewe au kuuzidi kidogo. Chagua mnara, bomba la moshi au winchi ya ujenzi iliyo upande huo, uone jua linavyoipita ndani ya siku chache. Usilikodolee macho, subiri mwanga wake wa mwisho baada ya kuzama, unaonyesha mahali vizuri tu. Karibu na tarehe 22 Septemba huzama magharibi kamili. Chicago, ambako mitaa mingi imepangwa sawasawa na pande nne za dunia, siku hizo jua hushuka katikati kabisa ya barabara, kati ya kuta mbili za majengo, na watu husimama kupiga picha. Manhattan, jijini New York, mitaa yake imeinama nyuzi 29 kutoka kaskazini, kwa hiyo tamasha kama hilo huangukia mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai. Ukijua barabara yako inaelekea wapi, unaweza kuitafutia siku yake.

Tahadhari moja kuhusu saa za ukutani. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba. Jioni hiyo giza huingia saa nzima mapema na wengi huona kama vuli imewaangukia ghafla. Kwa kweli kilichobadilika usiku huo ni mshale wa saa tu. Jua limefanya kazi yake polepole kwa wiki nyingi kabla.

Baada ya mwanga, tega sikio. Dalili ya kwanza ya vuli katika majiji mengi ya Ulaya ni sauti inayokoma, nayo hukoma mapema mno, wakati watu bado wako kwenye likizo. Mbayuwayu weusi wanaopiga kelele wakizunguka juu ya mapaa, wale wanaotaga chini ya vigae na kwenye nyufa za majengo ya zamani, huondoka kati ya mwisho wa Julai na katikati ya Agosti kuelekea Afrika. Jioni moja anga inakuwa kimya na watu hawajui kilichopungua. Wewe ambaye huenda umewaona ndege hao hao wakizunguka mbele ya mawingu ya mvua huko ulikokulia, una haki ya kuwa wa kwanza kugundua kwamba wameshaanza safari. Nakusihi usilipite hili. Wachache sana jijini wanalijua.

Wengine hupita usiku, na hapa jiji linawatesa. Ndege wengi wadogo wanaohama husafiri gizani, na mwanga mkali huwavuta na kuwachanganya. New York huwasha miali miwili mikubwa ya taa kila Septemba 11 kwa kumbukumbu ya mashambulizi ya 2001, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba miali hiyo iliathiri njia za ndege wapatao milioni 1.1 katika jumla ya usiku saba uliochunguzwa. Taa zilipozimwa kwa muda, ndege walitawanyika na kuendelea na safari yao. Ukipanda kwenye paa usiku mtulivu wa Septemba, hasa baada ya hewa ya baridi kuingia na upepo kugeuka kutoka kaskazini, unaweza kusikia milio mifupi mifupi ikipita juu yako. Na kama asubuhi unakuta ndege mdogo amekufa chini ya jengo la vioo, huyo ni msafiri wa usiku. Kuzima taa zisizo na kazi na kufunga mapazia katika wiki hizo kunaokoa maisha, na ningependa wakazi wa maghorofa wote walichukulie kwa uzito.

Kuna pia wanaokuja badala ya kuondoka. Kwezi hukusanyika katikati ya majiji jioni za vuli kwa sababu ile ile tuliyoianza nayo: usiku wa jiji una joto. Roma inajulikana kwa hilo. Kuanzia Oktoba makundi makubwa yanayotoka kaskazini mwa Ulaya hujikunja na kujikunjua angani kabla ya kutua kwenye miti ya barabarani.

Wadudu na buibui nitawapitia haraka. Nyigu wanaosumbua vinywaji vitamu mwishoni mwa Agosti wanafanya hivyo kwa sababu kizazi cha mabuu waliokuwa wakiwapa utomvu mtamu kiotani kinakwisha. Buibui wanaosuka nyavu za duara wamekuwa wakikua kiangazi chote, na Septemba majike hufikia ukubwa wao wa mwisho. Asubuhi yenye umande utaona nyavu zao kwenye nguzo za madaraja na ngazi za chuma ambako ungeapa jana hazikuwepo. Nyenje nao huimba polepole kadiri usiku unavyopoa. Mwaka 1897 mwanafizikia Amos Dolbear aliandika kanuni ya kukadiria joto kwa kuhesabu milio yao, na kwa aina moja ya nyenje wa mitini wa Amerika Kaskazini inafanya kazi vizuri: hesabu milio ya sekunde 8, ongeza 5, upate nyuzi za Selsiasi kwa makadirio.

Sasa turudi kwenye miti yako.

Mti uliokauka Agosti haukuwa kwenye vuli. Uwezekano wa kwanza ni kiu na joto la lami: majani huanza kuungua kingoni, hujikunja na kukatika-katika yakishikwa. Uwezekano wa pili, kama uko Ulaya na mti huo huzaa mbegu kubwa za kahawia zinazong'aa ndani ya maganda yenye miiba, ni kiwavi. Mti huo ni wa jenasi ya Aesculus, na adui wake ni nondo mdogo sana aitwaye Cameraria ohridella, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1986 kutoka eneo la ziwa Ohrid huko Balkani. Viwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, wakila nyama yake na kuacha mabaka ya kahawia. Nondo huyo ameenea sehemu kubwa ya Ulaya, na kila mwaka huwafanya maelfu ya watu wa mijini waamini kwamba vuli imefika katikati ya kiangazi. Kwa kawaida mti haufi; mwaka unaofuata hutoa majani upya.

Utatofautishaje? Kwa mkono. Vuli ya kweli si jani kufa tu, ni kazi ambayo mti hai unaifanya. Mti hupima urefu wa usiku, na usiku unapozidi huanza kuvunja klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, na kurudisha nitrojeni na virutubisho vingine kwenye matawi na mizizi. Kijani kinapopungua, rangi ya njano ambayo ilikuwemo jani zima kiangazi chote, ya karotenoidi, hupata nafasi ya kuonekana. Nyekundu ni tofauti: katika miti mingi inayowiva nyekundu, rangi hiyo, anthosianini, hutengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki jani likiwa linafungwa. Hupendeza zaidi mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa baridi bila jalidi, na hapa joto la usiku wa jiji huweza kuinyima miti yako ung'avu ambao ile ya mashambani inao. Wakati huo huo, kwenye shina la jani, mti hujenga utando wa seli unaolitenga na tawi. Kwa hiyo jani la vuli ukiligusa tu linakuachia, na mahali lilipokuwa pana kovu laini lililokwisha kujifunga. Jani lililouawa na kiu huwa limeng'ang'ania. Tazama tawi lililovunjika mwezi wa Julai: majani yake hukauka na kubaki palepale majira yote ya baridi, kwa sababu tawi lililokufa halina nguvu ya kuyaachia. Ukiwa hapo, angalia juu ya kovu. Utaona tumba dogo la jani la mwaka ujao, ambalo lilikwisha kutengenezwa tangu kiangazi.

Mti wa kwenye kona umedanganywa na taa. Kwa kuwa mti hupima usiku, taa inayowaka karibu na majani yake huufanya usiku uonekane mfupi, na matawi yaliyo karibu zaidi na taa huchelewa kuliko mengine. Mtaalamu wa mimea Edwin Matzke alichapisha uchunguzi wa jambo hili mwaka 1936, akitumia miti ya barabarani ya New York, ikiwemo mipopla na miplatani: majani yaliyokuwa karibu na taa yalikawia kudondoka. Si kila aina ya mti huathirika kwa kiasi kimoja, na aina ya taa ina maana pia, hasa kiasi cha mwanga mwekundu inachotoa. Lakini nenda Novemba ukautazame mti wako tena. Nadhani utakuta umegawanyika, upande mmoja uchi na upande wa taa bado kijani.

Kwa hiyo ukitaka kufuatilia majani, chagua mti ulio bustanini, mbali na taa, kwenye udongo mpana, na urudi kwa huo huo kila wiki. Kuruka kutoka mti hadi mti kutakuchanganya, maana aina hazifanani. Miplatani, ambayo majiji mengi huipenda kwa kuvumilia moshi na lami, huchelewa na majani yake huwa makavu ya kahawia yasiyovutia sana. Mialoni mingi michanga hubaki na majani makavu hadi karibu na majira ya kuchipua. Ukikuta mti ambao majani yake ya vuli yananukia kama sukari iliyoungua, huo ni mkatsura wa Asia Mashariki, unaopandwa katika bustani nyingi. Harufu yake huja upepo ukiwa mtulivu na ni ya siku chache. Ila mti ninaoupenda kuliko wote jijini ni mginko. Hugeuka njano safi, mti mzima kwa pamoja, kisha baada ya usiku mmoja wa jalidi kali huweza kuachia karibu majani yake yote ndani ya saa chache. Kama uko karibu na mginko, fuatilia utabiri wa hewa na uwahi kabla ya wafagiaji.

Kuhusu tarehe rasmi: wataalamu wa hali ya hewa huhesabu vuli ya kaskazini kuanzia Septemba 1, kwa urahisi wa kulinganisha takwimu za miezi mizima. Wanaastronomia huifuata siku ya Septemba 22 au 23. Zote mbili zina matumizi yake, lakini hakuna hata moja inayoijua barabara yako.

Dada yako afuate njia hiyo hiyo, ila ageuze mambo mawili. Vuli yake huanza Machi, na jua huvuka ikweta kuelekea kaskazini tarehe 20 au 21 ya mwezi huo. Jua lake la mchana liko kaskazini, hivyo dirisha la kutazama ni la kaskazini, na barabara inayoelekea mashariki na magharibi itapoteza jua kwenye upande wake wa kusini, ambako vivuli vya majengo huangukia. Asitegemee sana majani. Miti mingi ya asili ya nusu ile, kama mikaratusi ya Australia, haipukutishi kwa msimu, na majani mekundu atakayoyaona jijini mengi yatakuwa ya miti iliyoletwa kutoka kaskazini. Mwambie pia awe macho kwa mbayuwayu wa aina nyingine, wale wanaokusanyika kwenye nyaya mwezi Machi, hasa kama yuko kusini mwa Afrika: hao ndio wanaojiandaa kurudi kwako.